Siku Ambazo Mtandao Haukuzimwa

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi huu unatimiza mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke kwetu. Nilitoka kwa kazi ya wiki mbili. Nilikuwa mwandishi wa barua katika wizara ya mambo ya nje. Sikuwa balozi wala katibu, bali yule mtu wa chumba cha nyuma anayepanga maneno ili serikali moja iikasirikie nyingine bila kukosa adabu. Tulikuwa mkutanoni katika mji huu redio ilipotangaza kwamba serikali iliyotutuma haipo tena. Wenzangu wawili walirudi mbio kueleza kwamba hawakuwa na hatia. Walipokelewa uwanja wa ndege na gari lisilo na namba. Mimi nilibaki hotelini na sanduku moja, na mke wangu akanifuata baadaye na mtoto mgongoni. Mke nimemzika huku. Mtoto sasa ana mvi mbili na hataki zitajwe.

Mvua imeanza. Fundi wa paa aliahidi kuja Ijumaa, ila hakusema Ijumaa ya mwaka gani.

Naandika kwa sababu nimeamua. Mwaka huu nakwenda. Sihamii, nakwenda kumwona dada yangu mkubwa. Ana presha ya macho. Daktari amemweleza kwamba ugonjwa huu hula pembeni kwanza, ukaacha katikati kijitundu kama cha ufunguo, na kijitundu nacho hakidumu. Matone anayotia asubuhi na jioni yanachelewesha tu. "Njoo," ameniambia, "nikuone bado naona."

Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili tunapigiana simu ya video. Siku hizi lazima anitafute.

"Sogea kulia. Hapo. La, umepita, rudi. Haya, nimekupata. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, Dada. Ni tundu lako limekuwa dogo."

"Dogo, lakini halisemi uongo. Shati hilo nani kakupigia pasi?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Akacheka mpaka simu ikamponyoka, nikaona dari ya nyumba yetu. Mbao ni zile zile. Nilikaa naitazama hadi akaniokota.

Nimemtumia pesa ya matone kwa simu, kama kawaida. Muuza dawa wa mtaani kwake hupokea kwa simu tu, noti hazitaki tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda ubalozini kuomba hati ya safari. Serikali ya sasa inasema wote tunakaribishwa, yaliyopita si ndwele. Nimekuta dirisha la huduma limepigwa ubao, na juu ya ubao karatasi: huduma zote, matangazo yote na miadi yote sasa ni kupitia ukurasa wa Balozi mtandaoni.

Nikagonga mlango. Akatoka karani kijana, ana adabu kweli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina barua ya maombi hapa."

"Barua hatupokei, mzee. Mfuate Balozi kwenye ukurasa, utaona siku zinapotangazwa."

"Nimfuate?"

"Unabonyeza tu, mzee. Anafuatwa na watu wengi."

Enzi zetu balozi ndiye aliyetumwa kwa watu. Sikumwambia karani hilo. Angeandika kwamba nilikuwa mkali.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ndoo mbili ukumbini.

Jumatano, 19 Machi

Nimemfuata. Binti yangu alinifungulia akaunti. Jina la utani la Balozi miongoni mwetu tuliohama ni Bwana Tabasamu, na kweli, nimepitia picha zake zote na sijamwona amefunga mdomo. Anatabasamu na mawaziri, anatabasamu na mbwa wa mtu, anatabasamu mbele ya keki yenye bendera yetu. Kati ya keki na mbwa, tangazo: miadi ya hati za safari itatolewa kwa watakaoandika majina chini ya tangazo. Nimeandika jina langu kamili hadharani, mbele ya watu wote, kama mtu anayeomba maji sokoni.

Binti yangu anasema ndivyo dunia ilivyo sasa, diplomasia imeshuka mitaani. Yeye ni mkalimani wa mikutano, anajua mambo hayo. Nikamwambia kushuka mitaani si tatizo. Tatizo ni kushuka na kipaza sauti bila kushuka na masikio.

Jumapili, 23 Machi

Dada ameninasa kwa tundu lake mara ya kwanza bila kuhangaika. "Leo nakuona vizuri," akasema. "Hata lile kovu la kidevuni, ulilolipata ulipoanguka ukikimbia kuoga."

Huko kwetu wanapiga kura Alhamisi. Nikamuuliza kama kuna utulivu.

"Utulivu upo. Askari wengi kuliko wapiga kura. Tutaongea Jumapili."

Jumatano, 26 Machi

Nimetuma ujumbe wa asubuhi. Haukufika. Nimepiga simu ya kawaida, ikaita mara moja ikakatika, kisha sauti ya mwanamke aliyerekodiwa ikaniambia ninayempigia hapatikani. Nikampigia mwanangu, akasema, "Baba, wamezima. Intaneti na simu. Nchi nzima."

Kwetu intaneti na simu zote huingilia mlango mmoja. Kampuni moja, jengo moja, na ofisi moja ya serikali yenye namba ya simu ya mkuu wa jengo hilo. Haihitaji vifaru. Mtu anainua simu, anasema sentensi moja, na mamilioni ya watu wanakuwa mabubu.

Alhamisi, 27 Machi

Leo damu imenichemka, na nitaandika nikiwa hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi Balozi ameweka maneno haya kwenye ukurasa wake: "Puuzeni uvumi. Mtandao nyumbani uko wazi na wananchi wanawasiliana kwa uhuru." Chini yake, picha yake akitabasamu na simu mkononi.

Tazama ujanja wa jambo hili. Ameyaandika kwenye mtandao, huku nje, mahali ambapo kila mtu anayeyasoma ni mtu ambaye mtandao wake haukuzimwa. Wale wanaojua ukweli ndio pekee wasioweza kumjibu. Hata katika ile wizara, ambako tulifunika mambo kwa maneno kama mtu anavyofunika chungu, hakuna aliyethubutu kumwambia mtu kwamba mdomo wake uko wazi huku akiwa ameushika kwa kiganja.

Nikaandika chini yake, kwa heshima, "Mheshimiwa, kama uko wazi, mbona dada yangu hajibu tangu jana? Tafadhali mwulizie." Nikaweka na jina la mji wake. Watu wakaanza kuandika chini yangu: mama yangu hajibu, mume wangu hajibu, mtoto yuko chuoni hajibu. Walifika wengi kwa muda mfupi.

Saa sita nikafungua tena. Ukurasa haupo. Binti yangu akaufungua kwa simu yake, ukawepo. Maneno yangu hayapo, wala ya wale waliofuata.

"Amekufungia, Baba."

"Amenifungia wapi?"

"Hutaona tena anachoandika, na huwezi kumwandikia."

"Na miadi ya hati?"

Akaiweka simu mezani. Miadi inatangazwa kwenye ukurasa huo huo.

Nauliza, na sijui namuuliza nani: dirisha la ubalozi ni mali ya nani? Lilipokuwa la kioo, hakuna balozi aliyeweza kumziba mwananchi macho asilione. Sasa dirisha limehamishiwa ndani ya duka la mtu baki, nje ya nchi yetu na nje ya nchi hii, na balozi amepewa kufuli lake binafsi.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kwa kinyozi. Ni mtu wa kwetu, alihama miaka kumi baada yangu, na kibanda chake ndicho bunge letu. Habari zilinitangulia.

"Karibu, mzee. Nasikia umefungiwa kama duka lisilolipa kodi."

"Nyoa, usinichokoze."

"Nakunyoa huku nakusomea. Bwana Tabasamu leo kaweka nini... aha. 'Nimefurahi kutembelea maonyesho ya maua.'" Akainua mkasi. "Na chini yake watu wanamuuliza habari za ndugu zao. Ngoja nisome... hawapo tena. Mzee, huyu anafuta haraka kuliko mimi ninavyofagia nywele."

Kila mtu kibandani alicheka. Mimi pia nilicheka, nikaona haya kwa kucheka.

Ninachofikiria ni chupa ya matone. Ile niliyolipia mwanzoni mwa Machi ilikuwa ya kumfikisha mwisho wa mwezi. Mwezi umekwisha. Pesa haitumiki.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna. Nimekaa na simu mbele yangu saa ile ile yetu, nimevaa shati lililopigwa pasi.

Jumatano, 9 Aprili

Mji huu umepata mkutano wa dunia wa usimamizi wa intaneti. Binti yangu ameajiriwa humo kwa siku tatu, kibanda cha wakalimani wa lugha yetu, na alinipatia kitambulisho cha kuketi juu na watazamaji. Alinionya, "Baba, utasikiliza tu. Usisimame." Nikamwahidi.

Ukumbi ni wa mazulia, baridi kali, chupa za maji zimepangwa kama askari. Nilivaa vile vidude vya masikioni nikazungusha hadi lugha yetu. Asubuhi yote walizungumza kuhusu "wadau". Wadau wa sekta binafsi, wadau wa serikali, wadau wa kiufundi. Walikubaliana kwamba wadau wote washirikishwe. Nilimtafuta dada yangu katika wadau hao sikumwona. Yeye ni mtu tu. Mtandao kwake ni matone ya macho na sura ya mdogo wake, na kwa hilo hakuna kiti kilichowekwa.

Alasiri, kikao cha "Mtandao Wazi kwa Wote". Na nani jukwaani? Bwana Tabasamu. Siyo mtazamaji, ni mzungumzaji mwalikwa. Alizungumza kwa lugha ya wakubwa, kwa madoido, na masikioni mwangu ikaja sauti ya binti yangu. Kazi yao ina sheria: mkalimani hasemi "balozi anasema". Anasema "mimi". Anayezungumza akisema nimefurahi, na yeye kibandani anasema nimefurahi.

Kwa hiyo niliisikia sauti ya mwanangu, sauti ambayo ni ya mama yake kabisa, ile ile ya upole, ikiniambia masikioni, "Nchi yangu haijazima mtandao hata kwa saa moja. Wananchi wangu waliwasiliana kwa uhuru kabla ya kura, wakati wa kura na baada ya kura."

Nilivua vidude. Niligeuka nikamwangalia kule juu nyuma ya kioo, amekaa wima, mkono mmoja sikioni, mdomo unakwenda. Dada yangu, shangazi yake, ndiye aliyemnyoa nywele za kwanza. Niliinuka nikatoka. Mlinzi aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ndiyo.

Nimetembea mvuani mpaka nyumbani.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumegombana jikoni kwake. Naandika kama ilivyokuwa.

"Ulisema uongo kwa sauti ya mama yako."

"Sikusema mimi, Baba. Alisema yeye."

"Nilimsikia nani?"

"Mkalimani akiwa kibandani hana mdomo wake. Unalijua hilo. Wewe uliandika barua za serikali, zote uliziamini?"

"Barua ina sahihi ya mwenye maneno chini yake. Sauti haina sahihi. Ni ya mwenye nayo."

"Kwa hiyo ningefanyaje? Ningenyamaza?"

"Ungemwachia mwenzako. Mnakaa wawili mle, sivyo?"

Alikuwa anaosha kikombe. Alikiosha muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

"Ulikaa hadi mwisho?" akaniuliza.

"Sikuweza."

"Basi huna la kuniambia."

Nikachukua mwavuli wangu. Mtu akishajaliwa ulimi wa kutafsiri kila kitu, hukosi kumkuta siku moja anakutafsiria hata aibu. Hivyo ndivyo nilivyowaza njiani, na naandika hapa kwa sababu bado naamini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Hatujaongea.

Jumamosi, 12 Aprili

Kinyozi kanipigia. "Mzee, njoo. Au usije. Bora uje."

Akanionyesha simu yake. Ukurasa wa Balozi. Video fupi: bendera, muziki, watoto wanakimbia, mwanamke anapokea simu akicheka. Na juu yake sauti, safi kama ya mtangazaji, kwa lugha yetu: "Nchi yangu haijazima mtandao hata kwa saa moja. Wananchi wangu waliwasiliana kwa uhuru." Hakuna uso wa Balozi. Hakuna maandishi kwamba huu ni ukalimani. Ni sauti ya mwanamke wa kwetu, anasema kwa moyo wake wote.

Kibanda kizima kilikusanyika kwenye simu hiyo. Hata mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Si binti yako huyu, mzee?" akauliza kinyozi taratibu.

"Ni sauti yake," nikasema. "Maneno si yake."

Ni mimi niliyesema hivyo. Mimi wa juzi jikoni.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikwenda kwake Jumamosi ile ile. Alikuwa ameshaona. Alikuwa amekaa mezani na kompyuta, amejifunga kanga begani, ananukuu mkataba kwa sauti ya ukali ambayo hajawahi kuitumia kazini: sauti yake ilitolewa kwa ukumbi ule na kikao kile, haikatwi, haihamishwi, haitumiki popote bila ridhaa yake.

Tumekuwa siku nne katika kazi hiyo, mimi na yeye. Waandaaji wa mkutano wamesikitika, na wanamshauri awasiliane na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Balozi, hajibu. Kampuni yenye ukurasa imejibu leo, kwa haraka ya ajabu: wamepitia malalamiko yake na video haijakiuka kanuni za jamii yao.

Jamii ipi? Nani mzee wake? Wanakutana wapi, tukawasalimie? Nimeishi chini ya serikali iliyopinduliwa, na chini ya serikali ya watu wa huku wanaonipigia muhuri kila mwaka, na katika zote mbili nilijua angalau jengo la kwenda kuzomea. Hawa wana uwezo wa kuchukua sauti ya mtoto wa mtu na kumpa balozi, na anwani yao ni sanduku linalojijibu.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikumpa nafasi ya kuniambia siku ile. Rekodi nzima ya kikao iko kwenye tovuti ya mkutano. Akaifungua. Baada ya mimi kutoka, mwanasheria mmoja kutoka nchi nyingine alisimama akamuuliza Balozi kwa nini vipimo vya kiufundi vinaonyesha nchi ilikuwa giza. Balozi akajibu kwamba hawakuzima, walipunguza kasi kwa ajili ya usalama. Alipobanwa akasema yalikuwa matengenezo yaliyopangwa zamani. Alipobanwa tena akasema kila nchi ina haki ya kufunga mlango wake. Majibu matatu, kila moja linamkanyaga mwenzake, na binti yangu ameyatoa yote matatu bila kupepesa, moja baada ya jingine.

"Mwenzangu alitaka kuchukua kipaza sauti," akasema. "Ni mtu mwema, huwa anawasaidia wazungumzaji wanaojikwaa, anawanyooshea maneno. Nikamkatalia. Nilitaka Balozi ajikwae kwa lugha yetu kama alivyojikwaa kwa lugha yake."

Rekodi hiyo nzima wameitazama watu wachache, wengi wao sisi wawili. Ile ya muziki na bendera inakwenda kama moto kwenye nyasi.

Nilimwambia, "Nisamehe, mama." Akasema, "Kunywa chai yako, Baba, inapoa."

Jumapili, 20 Aprili

Imerudi. Alfajiri simu ilitetemeka na jumbe zote nilizotuma zikaonyesha zimefika, kwa mkupuo, kama barua za marehemu. Nilipiga saa yetu.

Alipokea. Uso wake wote ulikuwa kwenye kioo, karibu mno.

"Mdogo wangu?"

"Ni mimi, Dada."

"Washa taa."

Nilikuwa nimekaa dirishani, mchana kweupe.

"Zimewaka, Dada."

Alihamisha simu kushoto, kulia, juu, chini. Alifanya hivyo muda mrefu. Hakusema sogea, wala umepita, wala rudi. Kisha akaishusha mapajani, nikaona dari.

"Haya basi," akasema kutoka huko chini. "Tuongee."

Matone yaliisha ile wiki ya kura. Muuza dawa alimpa chupa moja ndogo ya siku chache kwa mkopo, ya pili akaogopa, kwani simu za wateja wote zilikuwa zimekufa na hakujua lini zitafufuka. Kura zilishahesabiwa, mshindi akaapishwa, na mtandao ukabaki umezimwa ili watu wasibishane. Asubuhi moja aliamka akadhani hakujapambazuka. Jirani alimpeleka hospitali. Daktari akamwambia kilichokwenda hakirudi.

"Na video ya ubalozini nimesikilizishwa leo asubuhi," akasema. "Jirani kaniwekea sikioni. Nikasema huyu ni mwanangu. Wakasema anaisifu serikali. Nikawaambia huyu kakopeshwa maneno. Nimemlea kwa simu miaka yote, akisema jambo lake hukwama kidogo mwanzoni. Hapa hakukwama."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitaka kusema, akakwama.

Alhamisi, 24 Aprili

Ubalozi wamenipigia wenyewe. Yule karani. "Shikamoo mzee. Mheshimiwa anakuomba ufike."

Nilidhani nakwenda kugombezwa. Nilikaribishwa kwa kiti laini. Ofisi ya Balozi haina hata faili moja mezani. Ina taa ya duara juu ya miguu mitatu, bendera, na pazia la rangi ya bahari. Alinikumbatia.

"Mzee wangu! Nasikia uliwahi kuandikia wizara. Sisi ni damu moja."

Juu ya meza kulikuwa na hati ya safari yenye picha yangu na jina langu, imegongwa muhuri.

"Hii ni yako. Ndege hata wiki ijayo. Na nimeshakufungulia kwenye ukurasa." Tabasamu. "Nakuomba jambo dogo tu, dakika moja mbele ya kamera. Wewe ni mzee, unaheshimika, watu walikuona ukiuliza habari za dada yako. Sema tu kwamba uliongea naye siku zote za kura, na kwamba yale ya mwanzo yalikuwa tatizo la simu yako."

"Sikuongea naye. Wiki tatu na zaidi."

"Mzee, nani atahesabu?"

"Dada yangu amepofuka siku hizo hizo. Dawa yake hulipiwa kwa simu."

"Pole sana," akasema, na nadhani alikuwa na pole kweli, kwa kiasi chake. "Ndiyo maana ufike haraka umshike mkono."

Wakati huo karani alikuwa ananibana kidude cha sauti kwenye kola, anakwepa macho yangu. Balozi akasogeza taa. "Uso kidogo huku, mzee." Hakuna chuki yoyote ndani yake. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Mtu mwovu angalau anajua kwamba anakukanyaga. Huyu alikuwa anatazama kivuli kwenye pua yangu.

Nikakivua kidude, nikamwomba muda. Akasema hadi Jumanne.

Jumapili, 27 Aprili

Nilimweleza Dada yote. Alijibu hata kabla sijamaliza.

"Sema."

"Dada..."

"Sema tu, uje. Maneno ni upepo. Nimechoka kukushika kwenye chuma hiki. Uje nikupapase hicho kidevu, nijue kama kovu lipo."

Nilikuwa tayari, Mungu ni shahidi. Nilishaanza kuwaza viatu.

"Wanataka useme nini hasa?"

"Kwamba tuliongea siku zile. Kama kawaida."

"Siku zipi?"

"Zile za kura. Na zilizofuata."

"Zile za matone?"

"Hizo."

Nikasikia akiinuka na kufunga mlango. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amenitajia. Mjini kwao kuna wakili anayekusanya watu walioumizwa na kuzimwa kwa mtandao: mama aliyejifungua bila gari la wagonjwa, kijana aliyepoteza kibarua, wengine wengi. Ameishtaki kampuni na ofisi iliyopiga ile simu. Dada ametoa jina lake. Serikali imejibu mahakamani kwamba hakuna kilichozimwa.

"Watapeleka video yako pale," akasema. "Watasema, huyu ni ndugu yake mwenyewe. Hakimu ataniuliza, bibi, ulipofuka lini? Nimwambie nini, mdogo wangu? Nimwambie nilikuwa naona?"

"La, Dada."

"Sikukatazi kuja. Sikia vizuri. Sikukatazi."

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imekatika tangu jana. Barabara zimekauka.

Asubuhi nilizungumza na wakili wa Dada. Alihitaji mtu wa upande wa pili wa simu, wa kueleza lini mawasiliano yalikatika na lini yalirudi. Nimeandika maelezo hayo na kuyaapia mbele ya mwanasheria wa mtaa huu. Binti yangu ameongeza rekodi nzima ya kikao, majibu yote matatu, na maelezo yake kwamba sauti ni yake na maneno si yake. Pengine hatapewa mkutano mwingine. Nilimwambia afikirie. Akasema amefikiria akiwa na kipaza sauti mbele yake, sasa amechoka kufikiria.

Wakili alinieleza bila kuficha, kwa upole: mtu aliyetoa ushahidi huu dhidi ya serikali asitarajie hati kutoka kwa serikali hiyo, na hata akiipata asiitumie. Nilimwambia mambo ya gari lisilo na namba nayajua.

Saa saba nilimpigia karani nikamwambia sitasema mbele ya kamera; saa tisa ukurasa wa Balozi ulikuwa umefungwa tena kwangu.

Nimempigia Dada kumweleza. Aliniuliza kama basi nitakuja mwakani, mambo yakitulia. Mara zote aliponiuliza hivyo, kwa miaka yote hii, nilimjibu Mungu akipenda. Leo sikumjibu hivyo. Nimemwambia ukweli, na nauandika hapa.

Sitarudi.